Kibati cha Babu Kimeuzwa Mnadani

Nyumba ya Wageni Mwanzo Mpya,
Karibu na Stesheni,
Makambako.

Jumanne, 12 Agosti 2025

Mpendwa mdogo wangu Elius,

Kamwene! Pokea salamu nyingi kutoka kwetu huku kwenye baridi. Hujambo wewe? Mkeo Jasmine hajambo? Na yule mdogo, kikohozi kimemwacha? Kazi za mgodini zinakwendaje? Sisi tu wazima, tunamshukuru Mungu, ila midomo imepasuka kwa upepo na maji ya asubuhi hayanawiki. Mama anaendelea vizuri. Lile jicho la kushoto tulilompeleka hospitali ya Ikonda kutolewa mtoto wa jicho limepona kabisa. Anaona hadi sisimizi, na sasa nikienda kijijini sipumui, maana anaona na vumbi.

Kabla hujaendelea, papasa kona ya chini ya bahasha. Kuna kitu kigumu nimekishonea ndani ya kipande cha kitenge. Usikitoe! Soma kwanza mpaka mwisho kama mtu mzima, maana nakujua, wewe ndiye uliyekuwa ukichokoa mahindi jikoni kabla hayajaiva.

Utauliza kwa nini naandika barua kama watu wa zamani. Nikikupigia unasema uko kazini, utanipigia, na hupigi. Nikikutumia sauti kwenye WhatsApp unanijibu kwa kidole gumba. Kidole gumba, Elius! Dada yako anaongea mpaka koo linakauka, wewe unamrudishia kidole. Basi karatasi haina kidole. Nampa Ronald, yule dereva wa mbao anayelala hapa kwangu akielekea Zambia, akukabidhi mkononi.

Jambo lenyewe linahusu vibati, na nikisema vibati lazima nianze na shemeji yako Shedrack, Mungu anipe subira.

Unamkumbuka alipokuwa mwalimu, mtu wa saa na shati jeupe. Tangu astaafu amekuwa mwokota vyuma. Wenzake waliostaafu naye wamepanda parachichi, wanauza, wamejenga. Mume wangu anazunguka vijijini kwa bodaboda akitafuta vibati vya Waliji.

Ulikuwa mdogo Bibi alipokuwa akisimulia, kwa hiyo nikukumbushe. Wakati wa vita ya Hitla sarafu ndogo zilipotea kabisa huku kwetu. Waliji, Mhindi aliyekuwa na duka Njombe, akakosa chenji ya kuwarudishia watu. Akakata madebe ya mafuta ya taa vipande vidogo, akavigonga alama yake, akavitoboa katikati, akavifanya pesa ya dukani kwake. Cha duara ulipewa chumvi, cha pembe nne mafuta ya taa, cha pembe tatu kipande cha nguo. Ukipeleka mahindi au nta, analipa kwa hivyo. Vita ilipokwisha sarafu zikarudi, Waliji akafunga duka akaenda zake, na vibati vilivyobaki mikononi mwa watu vikawa takataka.

Takataka hizo ndizo shemeji yako anazozitafuta kwa tochi. Ametengeneza sanduku la mbao ya mtiki, ndani ametandika kitambaa cheusi, kila kibati kina kitanda chake. Mimi mkewe nalalia godoro lililobonyea katikati, vibati vina kitambaa cha suti!

Na aibu anazonitia, jamani. Mwaka jana aligundua kwamba wazee wengi walivigeuza vibati kuwa washa za kuziba matundu ya misumari ya paa. Akaenda kwa Mzee Aron, mzee wetu wa kanisa kijijini, akapanda juu ya paa la jiko lake akang'oa misumari na kuchukua vibati vyake. Aron mwenyewe alikuwa ameruhusu, akidhani mwalimu anakagua tu. Mvua ya kwanza ilipopiga, mke wa Aron alipika ugali chini ya mwavuli. Tangu hapo nikimsalimia Aron ananijibu huku anatazama mawingu.

Sasa, katika vibati vyote hivyo alikosa cha pembe tatu. Vya duara anavyo, vya pembe nne anavyo, cha pembe tatu hakuna. Nguo zilikuwa adimu, waliokuwa navyo walivitumia mapema. Na unajua nani alikuwa nacho. Mama.

Ndicho kitu pekee alichokiacha Babu alipochukuliwa kwenda vitani Burma. Babu huyo ambaye jina lake umelibeba wewe, na ambaye hakurudi, wala hatukuletewa hata kofia yake. Mama alikuwa mtoto wa kubebwa mgongoni. Bibi alikitunza kile kibati ndani ya kibuyu cha mbegu, alipokufa akakiacha kwa Mama, na Mama akakifunga kwenye pindo la kanga. Mimi nimekiona labda mara mbili maishani mwangu.

Shedrack akaanza kunisumbua. Mwenyewe hawezi kumwomba mkwe kitu, hata kumwangalia usoni anaona haya, kwa hiyo mtumwa ni mimi. Eveline, mpelekee Mama sukari, halafu mguse kidogo kuhusu kile kibati. Eveline, mpelekee Mama majani ya chai. Nimepeleka sukari mpaka Mama akaniuliza kama nimefungua duka. Nilipomgusia mara moja tu, akaniangalia, akasema, "Mwambie mwalimu hiki hakina darasa." Nikamwambia Shedrack, haya umesikia, tulia. Wapi! Sikio la kufa halisikii dawa.

Sasa sikiliza kilichotokea sikukuu ya mavuno, Jumapili ya wiki iliyopita.

Nilipanda gari asubuhi kwenda kusali na Mama. Kanisa limejaa, madhabahu huyaoni kwa mahindi, viazi, kuku, maboga. Mama alikuwa na kikapu chake amekifunika kitambaa. Nikajua ni njegere kama kila mwaka. Shedrack alisema anaumwa mgongo, amebaki Makambako. Nikasema afadhali.

Kitu kimoja kilinishangaza. Benchi la mbele alikaa Clemens, yule rafiki yake Shedrack muuza vipuri. Elius, Clemens ni Mkatoliki wa kufa na kupona! Hata harusi yetu alisimama nje mpaka tulipomaliza. Leo amekaa kwa Walutheri, benchi la mbele, anaimba kitabu amekishika juu chini. Na mimi mjinga nikafurahi moyoni, nikasema Bwana anafanya kazi.

Baada ya ibada tukatoka nje kwenye mnada wa sadaka. Mnadishaji ni Mzee Aron, si unamjua, sauti yake inafika barabara ya lami. Akauza mahindi, akauza jogoo mara tatu, maana kila anayemnunua anamrudisha auzwe tena. Halafu akachukua kikapu cha Mama. Akatoa njegere. Chini ya njegere akatoa kitu kidogo, akakiinua juani, akanyamaza. Aron kunyamaza! Kisha akasema, "Mama Tabea ametoa kibati cha Waliji. Cha pembe tatu. Nani ananipa mwanzo?"

Nikamtafuta Mama kwa macho. Amekaa kwenye kiti cha plastiki, mikono mapajani, anaangalia mbele kama haimhusu. Nikadhani amechanganyikiwa. Nikadhani labda ile dawa ya Ikonda imempanda kichwani, au ametia kibati kikapuni kwa bahati mbaya. Nikasema kitu cha Babu hakitaondoka katika familia hii nikiwa nimesimama hapa. Nikanyoosha mkono, elfu kumi.

Clemens akasema ishirini.

Nikamgeukia. Wewe Clemens, kibati cha Babu yetu unakipeleka wapi? Kwenye vipuri? Anaangalia viatu. Nikasema thelathini. Akasema hamsini. Watu wakaanza kupiga vigelegele, wakidhani tunashindana kwa ajili ya Bwana. Aron naye amepata joto, anakimbia huku na huku, "Makambako anasema ngapi? Roma inasema ngapi?" Naapa alikuwa analipiza lile paa lake. Kila nikitaja, Clemens anachungulia simu yake, halafu anaongeza. Mimi nilikuwa na fedha ya droo ya mapokezi niliyotoka nayo ninunue magodoro Njombe. Nilifika mahali jasho linanitoka kwenye ile baridi. Mwisho nikataja laki tatu, fedha yote niliyokuwa nayo, na Clemens akachungulia simu, akatikisa kichwa, akakaa.

Nikashinda. Nikapigiwa makofi. Aron akanikabidhi kibati mbele ya kanisa zima, nikaenda moja kwa moja mpaka kwa Mama, nikapiga magoti, nikamtilia mkononi, machozi yananitoka.

Akakirudisha mkononi mwangu, akanifunga vidole. "Sadaka hairudishwi, Eveline. Nimeshatoa." Akaomba aletewe soda.

Hebu niambie, wewe ungefanyaje? Nimepiga magoti na sketi yangu ya krimu kwenye vumbi, magodoro nimeyala, na mwenye mali anataka soda.

Niliporudi Makambako jioni, mgonjwa wa mgongo nikamkuta amesimama mlangoni, mzima kama ng'ombe. Hakuniuliza habari za ibada. Aliniuliza, "Ni wewe uliyekuwa unapandisha?"

Ndipo nikaelewa. Clemens alikuwa ametumwa naye! Mama alikuwa amemnong'oneza Aron kwamba atatoa kibati, apate kukiandika kwenye orodha ya sadaka. Aron akamwambia mkewe, mkewe akamwambia nusu ya Njombe, na Shedrack akapata habari kabla yangu mimi mtoto wa kuzaa. Kwa vile anaona haya kununua kitu cha mkwe mbele ya mkwe, akamtuma Clemens, na akawa anamwelekeza kwa ujumbe wa simu akiwa amelala kitandani kwangu. Na fedha aliyompa Clemens aliitoa wapi? Kwenye droo ileile ya mapokezi, usiku kabla sijaamka. Elius, mume na mke tumeshindana mnadani kwa fedha yetu wenyewe! Kikulacho ki nguoni mwako, na changu kilikuwa kimejifunika blanketi langu. Nilipiga kelele mpaka wageni wa chumba namba nne wakaja kuuliza kama kuna moto.

Sikuzungumza naye siku mbili. Siku ya tatu nikarudi kijijini kumwuliza Mama, maana nilikuwa sipati usingizi. Kile kibati kilikuwa kinanichoma mfukoni. Shedrack akaja nami, akakaa nje kwenye gogo, karibu na mlango, ndani hakuingia.

Mama alikuwa anamenya viazi. Akaniambia jambo ambalo mimi na wewe hatukuwahi kuambiwa.

Babu alipoondoka alimwachia Bibi vibati vingi, vimetungwa kwenye uzi kama shanga, malipo ya mahindi na nta. Akamwambia, "Kabla hivi havijaisha nitakuwa nimerudi." Basi Bibi akawa anavitumia kwa kujinyima. Chumvi kidogo, mafuta ya taa kidogo. Wenzake Babu wanarudi kutoka Burma, Bibi bado anavyo viwili. Kisha akabaki na kimoja, hiki cha nguo. Akagoma kukitumia. Waliji mwenyewe alipotangaza anafunga duka, mwenye kibati aje achukue haki yake, watu walikimbia, Bibi alikaa nyumbani na nguo moja iliyochanika. Alisema havijaisha. Kama havijaisha, mume wake hajasema uongo, bado yuko njiani.

Ndiyo maana msiba wa Babu haukuwahi kukaliwa. Mtu akizungumzia matanga, Bibi anamfukuza kwa mwiko. Alikufa akimsubiri, na kumsubiri huko akamrithisha Mama.

Mama akasema, "Mimi nami nimesubiri. Kila mbwa akibweka naangalia njia, na baba mwenyewe sura yake siijui. Nilipofunguliwa jicho Ikonda nilikitoa kwenye kanga nikakitazama vizuri, mara ya kwanza kukiona hivyo tangu nizeeke. Ni debe, Eveline. Debe la mafuta ya taa. Nikasema basi, nakitumia, viishe."

Nililia, sikufichi. Huko nje nikasikia mtu anapenga kamasi kwenye gogo. Kesho yake shemeji yako alikwenda kwa Aron na misumari mipya na vipande vya tairi, akaziba paa la jiko lote. Vibati vya Aron hakurudisha, usifikiri amekuwa malaika. Hiki cha pembe tatu ameomba akipige picha tu. Nikamruhusu, akakipiga kama bibi harusi, juu, chini, ubavuni.

Sasa nakuja kwako, na usinione mkali, au nione, vyovyote.

Wewe uliondoka hapa stesheni ya Makambako miaka tisa iliyopita. Mimi nilikubebea begi. Mama alikuwa pembeni yangu ukamwambia, "Krismasi nitakuwa nimerudi." Krismasi ngapi zimepita? Kila mwaka unatuma kitu. Redio. Simu. Lile blanketi zito la rangi ya zambarau ulilompa Ronald alilete, ukasema, "Mwambie Mama asilifungue, nitakuja mwenyewe nimfunike." Ulidhani ni utani. Mama hakulifungua, Elius! Mwaka wa tatu liko juu ya kabati ndani ya nailoni yake. Mwezi wa saba Njombe, baridi inakata masikio, mama yetu analala na shuka mbili na koti la marehemu baba, na blanketi liko juu linamwangalia. Nimemgombeza mpaka nimechoka. Ananiambia mwenyewe anakuja.

Jumamosi nilikwenda tena kumpelekea mkaa. Nilimkuta kitandani. Nailoni iko chini, imekunjwa vizuri. Amejifunika blanketi lako mpaka shingoni.

Nikasema, Mama, umelifungua. Akasema, "Nimeona baridi." Akageukia ukutani. Hakukutaja jina.

Nimekaa na hilo neno siku tatu. Alipokuwa anakusubiri nilikasirika. Sasa ameacha, na hapo ndipo naogopa.

Mama ameamua Babu azikwe. Mchungaji amekubali kufanya ibada na kusimika msalaba pembeni ya kaburi la Bibi, Jumamosi ya tarehe 30 mwezi huu. Aron na vijana watachimba shimo dogo. Mwili hatuna, kofia hatuna, cha kuweka humo ni kibati. Mama alisema kishikwe na mwenye jina. Nikamwambia, mwenye jina yuko Kitwe, Zambia, utaanza tena kusubiri? Akasema hapana, hatasubiri. Siku hiyo ikifika, kwa kibati au bila kibati, shimo litafukiwa saa saba mchana na watu watakula.

Basi hicho ndicho kilichoshonwa kwenye kona ya bahasha. Kimenigharimu magodoro yangu, kwa hiyo nina haki ya kusema kitafanywa nini. Usinirudishie kwa Ronald. Usikitume kwa basi. Usinipigie kuniambia mambo ya likizo na mkuu wa kazi. Na ole wako unijibu kwa kidole gumba, nitakuja huko kwa miguu.

Nakutuma usalimie: Jasmine, mwambie namshukuru kwa vitenge, watoto wote, uwabusu kwa niaba ya shangazi yao. Shedrack anakusalimu, anasema akiwa na haya. Mzee Aron anakusalimu, anauliza kama bado unaimba besi. Clemens naye anakusalimu, amerudi Roma. Mama sijamwambia kwamba nimekuandikia, kwa hiyo salamu zake sina. Uje uzichukue.

Mungu akulinde huko chini ya ardhi, akupandishe salama, akuwekee njia wazi mpaka mlangoni kwa Mama.

Dada yako akupendaye hata akiwa amekasirika,

Eveline

Vibati vimekwisha, Elius. Njoo.